Kocha Cyril Hudak, Aliyejifunza Kuvuka Chumba

Baba Padre, Mama Dolores, ndugu, majirani na watu wote wa Brannock mlioacha shughuli zenu asubuhi hii ya Jumamosi, familia ya Hudak inawashukuru kwa kufika, na inawaarifu kwamba historia ya mpendwa wetu inasomwa kwa niaba yao na mkwe wake, Curtis Mancuso, ambaye humu ndani atatajwa kwa jina kama wengine wote, kwa kuwa Mama Dolores ameagiza hivyo, akisema anayetaka kusema mimi, mimi, na asubiri mazishi yake mwenyewe.

Familia imeona kwamba waliowahi kucheza upande wa ulinzi wamekaa kushoto kwa kanisa, na waliowahi kucheza upande wa kushambulia wamekaa kulia, vilevile kama mnavyokaa kwenye ukumbi wa zimamoto, na hakuna aliyewapanga. Inafahamika pia kwamba wengi wenu mnasubiri jambo moja, yaani jibu alilotoa marehemu kwa bodi ya shule kuhusu nani awe kocha mkuu mpya, mtu wa ulinzi au mtu wa kushambulia, na wapo walioanza kuliulizia tangu mlangoni, kabla hata ya kutoa pole. Jibu lipo, na litasomwa mahali pake, kwa hiyo muwe na subira, marehemu kwanza azaliwe.

Cyril Hudak alizaliwa hapa Brannock, Pennsylvania, tarehe 17 Mei 1934, katika nyumba ya Mtaa wa Tanuru, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Ondrej Hudak, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na marehemu Zuzana, mama aliyejulikana mtaa mzima kwa kufunga mlango, kuujaribu, kuufungua na kuufunga upya, hata dada wa marehemu, Bi Helen aliyeko hapa mbele, husema kwamba ulinzi wa kaka yake haukutoka kwa kocha yeyote, ulitoka kwa mama yao na ule mlango.

Alisoma shule ya parokia hii ya Mtakatifu Metodi kuanzia mwaka 1940 hadi 1948, kisha Shule ya Sekondari ya Brannock hadi mwaka 1952, na huko ndiko alikovaa jezi ya Wafua Chuma, timu ya shule. Mpira wetu huu wa kofia ngumu, kama mnavyojua, ni wa vikosi viwili ndani ya timu moja, wanaoshambulia wakiingia wanaolinda hutoka, na hawa wakiingia wale hukaa, hata mtu anaweza kumaliza shule bila kufahamiana vizuri na wenzake wa kikosi cha pili, isipokuwa kwenye basi. Cyril alikuwa mlinzi wa katikati, mfupi, mpana, asiye na maneno mengi, na siku ya kwanza ya mazoezi alimwangusha chali mrusha mpira wa kikosi cha kushambulia, kijana mrefu mwenye mdomo aliyeitwa Emil Petrash, akamwinua kwa mkono wake mwenyewe, naye Emil akiwa bado anatema majani alimwambia, "Wewe usinipige kama unanidai, hata jina langu hujui." Urafiki wao ulianzia hapo na umefika hadi leo, maana Mzee Emil ndiye yule amekaa kulia, kiti cha mbele, na mfuko wa peremende.

Marehemu alilitumikia jeshi kuanzia Septemba 1952 hadi Septemba 1954, nchini Ujerumani, akiwa fundi wa magari, kisha akaingia chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1958, na Agosti ya mwaka huohuo akaajiriwa katika shule aliyosomea, akifundisha useremala mchana na ulinzi jioni. Tarehe 18 Juni 1960, mbele ya altare hii, alifunga ndoa na Dolores Babyak, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marcella, aliyezaliwa mwaka 1962, mke wa Curtis, na Andrew, aliyezaliwa mwaka 1965, ambaye amesafiri kutoka Tucson na bado hajazoea tena baridi yetu. Emil naye alimwoa Helen mwaka 1963, marafiki wakawa mashemeji, na mwaka 1970 Emil na Helen wakampata Raymond, mtoto wao wa pekee, ambaye marehemu alimpenda kama mjomba anavyopaswa kumpenda mpwa wake, yaani kwa kumfokea hadharani na kumpa pipi kwa kificho.

Tarehe 6 Machi 1967 bodi ya shule ilikaa kumchagua kocha mkuu, na waliopelekwa mbele yake walikuwa mashemeji hao wawili, Cyril kocha wa walinzi na Emil kocha wa washambuliaji. Mji ulibishana majuma mengi, kwenye baa, kinyozi na hata kwenye foleni ya kitubio, wengine wakisema mtu wa ulinzi anafaa zaidi kwa sababu huwaza kila kinachoweza kuharibika, wengine wakisema mtu wa kushambulia anafaa zaidi kwa sababu huwaza kila kinachoweza kupatikana, na marehemu Wasil Yurko, mwenye bucha, ambaye kila mmoja hapa aliwahi kupigiwa kelele naye, alisimama mbele ya bodi na kusema, "Huyu Cyril mkimpa shamba atajenga uzio tu, hatapanda kitu!" Cyril akamjibu bila kusimama, "Na wewe utapanda, Wasil, ili nguruwe wa jirani wavune." Bodi ilicheka, ikamchagua Cyril.

Emil alikwenda nyumbani kwa Cyril jioni ileile, akampa mkono mlangoni, akamwambia, "Hongera, shemeji, ila siku utakayonifundisha kurusha mpira, nitarudi kwa mama yangu na dada yako nitakuachia wewe." Akabaki msaidizi wake. Na mwaka 1974, mji wa ng'ambo ya mto ulipomwita Emil akawe kocha mkuu wao, kama inavyotokea kila mara mtu wa ulinzi anapoongoza timu, kwamba msaidizi wake mzuri wa kushambulia huchukuliwa na wengine, marehemu alikwenda kwake akasimama jikoni na kofia mkononi, akasema, "Emil, ukiondoka nitabaki na mlango imara, nyumba sina." Emil alikataa kazi ile. Mambo kama hayo hayaandikwi kwenye kombe lolote, lakini familia imeona yasemwe.

Kila Jumatatu ya msimu, kama desturi yetu ilivyo mpaka leo, marehemu aliingia ukumbi wa zimamoto, akaonyesha filamu ya mchezo wa Ijumaa, na watu wa mji, huku wakila tambi za kabichi, wakamhoji kama mahakama. Aliulizwa kwa nini timu haikurusha mpira zaidi, kwa nini alipiga mpira mbali akawaachia wapinzani badala ya kupigania yadi moja iliyobaki, kwa nini Mungu alimpa mikono ya washambuliaji kama wale akaifunga mifukoni. Yeye alijibu yote kwa upole, na akiulizwa swali lilelile mara ya tatu alisema, "Ulinzi ukikaa vizuri, mengine yatakuja," Emil akaongeza kutoka nyuma, "Yatakuja, lakini kwa miguu," na ukumbi mzima ukacheka, upande wa kulia zaidi kuliko wa kushoto.

Sasa historia inafika kwenye Jumamosi ya tarehe 28 Novemba 1987, siku ya fainali ya kanda, na marehemu mwenyewe aliacha neno kwamba isirukwe. Mrusha mpira wa Wafua Chuma mwaka ule alikuwa Raymond, mwenye umri wa miaka kumi na saba. Hadi mapumziko timu ilikuwa ikiongoza, na katika mchezo wa mwisho wa kipindi cha kwanza Raymond aliangukia mkono wake wa kurushia, akainuka, akaenda kwenye chumba cha timu cha kubadilishia nguo bila kumwambia mtu. Baba yake, kama kazi ya kocha wa washambuliaji inavyotaka, alikuwa kibandani juu ya jukwaa pamoja na simu yake, na siku ile ngazi zilijaa watu, hakuwahi kushuka. Ndani ya chumba, walinzi walikaa mwisho kabisa kama kawaida yao, washambuliaji wakakaa karibu na mlango, na marehemu aliingia, akapita mbele ya mpwa wake aliyekuwa ameufunga mkono kwa taulo akimsubiri mjomba wake amwangalie tu, akaenda moja kwa moja kwa watu wake, akakaa nao mpaka filimbi. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Alikuwa amefanya hivyo miaka ishirini, maana mtu wa ulinzi akiingia chumbani macho yake huwatafuta walinzi, na mtu wa kushambulia naye huwatafuta wa kwake, wala hakuna anayejiona.

Kipindi cha pili Raymond aliangusha mpira, akaangusha tena, na timu ikafungwa. Kwenye basi marehemu alisema maneno ambayo hakuwahi kujisamehe, akisema, "Leo tumemkabidhi mpira mtoto wa kwaya," na Raymond akanyamaza, kwa sababu alilelewa asimjibu mjomba. Usiku ule daktari aliona mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Emil alimpigia marehemu simu, akasema, "Uliingia mle ndani, ukampita mtoto wa dada yako, ukaenda kwa watu wako," akakata simu, na kesho yake akapeleka shuleni funguo na filimbi yake.

Jumatatu iliyofuata ukumbi ulijaa, nusu ya watu wakiwa wamekuja kumzomea Raymond na nusu kumzomea kocha, na kiti cha Emil kilikuwa kitupu. Marehemu alianzisha filamu, akaisimamisha pale Raymond anapotoka uwanjani ameushika mkono kifuani, akasema, "Mnaona? Kamera ya shule, ya bei rahisi, imeuona mkono huu. Mimi nilimpita kijana nusura nimkanyage, sikuuona. Msitafute aliyetufungisha. Tulifungwa chumbani, wakati wa mapumziko, na aliyetufungisha ni mimi." Yurko, ambaye tangu ukumbi ule ujengwe hakuwahi kukosa la kusema, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Lakini Emil hakurudi, na Jumapili zikapita bila familia hizo mbili kula pamoja, Helen akipigiana simu na Mama Dolores kwa kunong'ona kama wasichana wa shule. Ikaja tarehe 24 Desemba, mkesha wa Noeli, siku ambayo kila nyumba yetu huandaa kiti kimoja cha ziada mezani kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na mwenye nyumba haruhusiwi kumfukuza atakayekuja. Miaka yote kiti kile hukaa kitupu, paka akakilalia. Marehemu aliiacha meza yake mwenyewe, akatembea kwenye theluji hadi kwa Emil, akabisha. Emil alifungua, akamtazama, akasema, "Tunakula." Marehemu akasema, "Nimekuja kama mgeni, shemeji, maana kama ndugu najua sitafunguliwa."

Akakaa kwenye kiti cha mgeni. Raymond, akiwa na plasta ngumu mkononi, alimpakulia supu ya uyoga kwa mkono wa kushoto, akamwaga kidogo juu ya meza, na marehemu akaipangusa kwa leso yake, akamwambia mpwa wake, "Nisamehe, mwanangu." Emil, kama ilivyo desturi ya baba wa nyumba usiku huo, alizunguka na asali kumchora kila mmoja msalaba kwenye paji la uso, na alipofika kwa marehemu alisita, kisha akampaka asali nyingi kupita kiasi, ikamchuruzika hadi puani, akasema, "Hiyo ni kwa niaba ya Ray. Ya kwangu utaipata mwakani." Januari alichukua tena filimbi yake.

Tangu msimu uliofuata, kila mapumziko, marehemu aliingia chumbani akaelekea kwanza kwa washambuliaji, akawatazama mikono, magoti na macho, akawauliza wanaendeleaje, ndipo akavuka kwenda kwa walinzi wake, ambao walinung'unika kwamba baba amehamia nyumba ndogo. Historia hii haitadai kwamba kwa sababu hiyo alishinda zaidi. Hakufika fainali tena mpaka alipostaafu Juni 1996. Aliacha tu kuwapita watoto.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2007, akaendelea na dawa, huku akihudhuria kila mchezo wa nyumbani, na wakati wa mapumziko akiwekewa kiti chumbani, karibu na mlango, asiseme neno, atazame tu. Oktoba mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa, na Jumapili ya tarehe 1 Novemba wajumbe wawili wa bodi walikwenda kumwona, wakamletea maua, na baada ya maua wakaleta swali, kwamba kocha wa sasa anaondoka, waombaji wa hapa nyumbani ni wawili, Curtis Mancuso wa ulinzi na Raymond Petrash wa kushambulia, mji umegawanyika kama mwaka ule wa 1967, na bodi imekubaliana kwamba atakayetajwa na yeye ndiye itakayempa. Marehemu alifumba macho, akasema atawatumia jibu, wakaondoka.

Curtis alikuwa mle hospitalini kando ya kitanda, akiwa amemshikia kikombe cha maji, na hakuna haja ya kuficha kwamba nafasi hiyo ameitaka tangu alipoanza kuwafundisha walinzi mwaka 1993, ulinzi alifundishwa na marehemu mwenyewe, binti aliyemwoa ni wa marehemu, na Mama Dolores alikuwa ameshuka chini kutafuta chai, wakabaki wawili. Marehemu alimwambia, "Sogea. Wakati wa mapumziko, Ray akimaliza na watoto wake, hufanya nini?" Curtis akajibu, "Huja kwa walinzi wangu, baba. Hukaa nao kidogo." "Na wewe ukimaliza na wako?" Curtis akasema, "Hubaki nao." Marehemu akasema, "Nimekaa pale mlangoni miaka yote hii. Yeye huvuka. Hajawahi kufundishwa, alijifunza siku ile akiwa na taulo. Mpeni Ray."

Curtis aliweka kikombe mezani. Marehemu akamuuliza, "Umekasirika?" Akajibu, "Ndiyo, baba." Akasema, "Vizuri. Emil naye alikasirika, akabaki. Watu watasema nimechagua mshambuliaji, na Emil atajisifu mpaka kaburini. Sikuchagua upande, Curtis. Wewe ni mimi kabla ya Ray kuvunjika mkono. Nakupenda kwa sababu hiyo na nakunyima kwa sababu hiyohiyo, maana sitaki mtoto wa mtu avunjike ndipo ujifunze." Kisha akaomba maji, akanywa, akasema, "Jibu utalisoma wewe, siku ya kunizika. Wakilisikia kwa mwingine watagombana. Wakilisikia kwako watanyamaza."

Marehemu alifariki dunia Jumanne ya tarehe 10 Novemba 2009, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Dolores. Maneno yale hayakuwa na shahidi mwingine. Kurasa hizi zimeandikwa mezani kwa Mama Dolores, kila mtu akitoa lake, isipokuwa ukurasa huu, ambao Curtis aliuandika peke yake, na kabla ya kuuandika aliwahi kuuandika kwa namna nyingine. Huo mwingine ameuchoma kwenye jiko la nyumbani kwake, na Marcella aliona moshi, hakuuliza. Bodi iko hapa, imesikia. Kocha wa walinzi atabaki na walinzi wake, iwapo kocha mkuu Raymond atamhitaji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokubali kuangalia mchezo pamoja naye na kuulizwa maoni yao, inawashukuru majirani wa Mtaa wa Tanuru waliosafisha theluji ya mapema mlangoni bila kuombwa, walimu wenzake, mafundi useremala aliowafundisha, ambao watatu kati yao wamelitengeneza jeneza hili, kikosi cha zimamoto, akina mama wa parokia wanaotungojea na chakula ukumbini, na vijana wote aliowafundisha, wale aliowatazama na wale aliowapita kabla hajajua. Mama Dolores ameagiza kwamba wabeba jeneza watakuwa sita, washambuliaji watangulie mbele na walinzi wafuate, kwa sababu ndivyo alivyoingia chumbani miaka yake ya mwisho.

Msomaji akishuka hapa hatarudi kwenye kiti chake cha kushoto.

Baba mkwe, kazi umeimaliza, pumzika sasa, Mungu akulaze panapo amani. Mzee Emil, tafadhali sogea kidogo.